Nilivyomchagulia Baba Gobore Nikiwa Doha

Baba yangu alikuwa amewinda kwa zaidi ya miaka arobaini na hajawahi kula paja la mnyama aliyempiga kwa mkono wake. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba mfanya usafi wa hoteli huku Doha alitoa fedha ya simu yake mpya akanunua bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni, huniuliza kama joto limenipanda kichwani. Joto lilinipanda, sikatai. Lakini sababu ilikuwa paja.

Kwetu, kwenye mapori ya miombo kusini mwa Tabora, sheria ya nyama ni fupi: paja la nyuma la kulia ni la mwenye bunduki. Si la aliyenyata, si la aliyelenga, si la aliyebeba mnyama begani hadi nyumbani huku inzi wakimsindikiza. Ni la mwenye bunduki, hata kama siku hiyo alishinda amelala. Na gobore pekee katika ukoo wetu lilikuwa la baba mkubwa, yaani kaka yake baba. Baba mkubwa aliacha kuingia porini zamani, magoti yalipogoma, na tangu hapo kazi yake ikawa kukaa kibarazani akisubiri paja lake. Likifika alilipima kwa macho, akamwambia baba, "Mdogo wangu, siku hizi unapiga wanyama wadogo," kisha akalila mbele yetu, akinyonya mfupa kwa kelele hadi majirani wajue. La kushoto liligawiwa wazee wa kijiji; sisi tulikula mbavu na shingo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikua nikiamini walikuwa wanazungumzia gobore.

Mwaka juzi jicho la kushoto la baba lilianza kuingia ukungu. Daktari wa wilaya alimwambia la kulia nalo liko njiani, na kwamba upasuaji upo lakini foleni ni ndefu na matokeo ni ya Mungu. Baba hakulalamika. Alikwenda kituo cha polisi kufuatilia kibali cha kumiliki gobore, jambo alilokuwa akiliahirisha tangu sijazaliwa, na alipokipata akanipigia simu.

"Mama," alisema. Ananiita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nataka gobore langu mwenyewe. Nipige pongo mmoja tu, nile paja lake nikiwa bado naliona. Baada ya hapo nitalitundika ukutani, hata likioza."

Pongo ni swala wetu wa vichakani, mwenye madoa meupe na maringo ya bibi harusi. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ghorofa ya sita, mbele yangu toroli la mashuka, vyumba vinane vilikuwa bado vinanisubiri. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaomba mguu mmoja wa mnyama. Nikasema, "Baba, tafuta gobore. Fedha ipo."

Fedha ilikuwa ya simu. Yangu ilikuwa imeniponyoka kwenye lifti ya wafanyakazi ikapasuka kioo kutoka pembe hii hadi pembe ile, na ilikuwa inanikata kidole kila nikijibu salamu. Niliamua simu itasubiri. Nilidhani kazi yangu imeishia hapo: nitume fedha, baba achague. Kumbe sijamjua baba.

"Kuchagua ni kwako," alisema.

"Baba, mimi najua foronya na sabuni za vipande. Gobore nitalijulia wapi?"

"Anayetoa fedha ndiye anayechagua. Bunduki hufuata roho ya aliyeinunua. Akichagua mwingine, inapiga ovyo. Kwani wewe foronya huzijazi kupitia mdomoni? Gobore ni hivyo hivyo."

Nilijaribu kubishana, lakini baba akishashika neno hata trekta halimng'oi. Ndivyo nilivyojikuta, mimi mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mkazi wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chumba cha watu wawili chenye pazia katikati, nikiwa mnunuzi wa silaha.

Mwenzangu wa chumba ni dada Mkenya wa Kakamega, mlinzi kwenye jengo moja kubwa la maduka. Nilipomweleza alisimama, akarekebisha kofia ya sare yake mbele ya kioo, akasema, "Kwa mambo ya bunduki umefika. Mimi ni security."

Nilimwuliza kama aliwahi kupewa bunduki kazini. Akasema alipewa redio na filimbi, na kwamba filimbi ikipulizwa vizuri inatisha kuliko bunduki. Mtu wa hatari zaidi aliyewahi kumkabili ni mtoto aliyekwama kwenye ngazi za umeme na aisikrimu. Lakini alikuwa na sare, na mimi sikuwa na mtu mwingine.

Basi nikachukua fagio nikamfundisha kile nilichokiona kwa baba nikiwa mdogo. Unasimamisha gobore, mdomo juu. Unamimina baruti. Unaweka kipande cha kitambaa. Unaingiza risasi. Unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu, taratibu, si kama unatwanga kisamvu. Halafu unaweka fataki, kile kikofia kidogo cha kuwasha baruti, juu ya kitundu. Halafu unanyanyua, unalenga, unafyatua, na moshi ukitawanyika ndipo unajua kama umepiga au umesindikiza.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Na hiyo swara yote hiyo time inakungoja tu? Imesimama inakuangalia ukipika?"

"Unashindilia kabla hujamwona."

"Na ukikosa?"

"Unaanza upya."

"Aki nyinyi watu wa Tanzania mko na subira. Hiyo si bunduki, dadangu. Hiyo ni jiko ya makaa."

Baba alinipa mitihani mitatu ya kulipima gobore kama anavyopimwa mchumba. Wa kwanza, gonga mtutu kwa ukucha usikilize: mtutu mzima unalia, mbovu unakohoa. Wa pili, puliza mdomoni: pumzi itokee kwenye kitundu cha nyuma, isipotokea limeziba. Wa tatu na mkubwa kuliko yote, tazama kama lina ufa. Gobore lenye ufa siku likilipuka halimuulizi mtu yuko upande gani. Aliurudia huo wa tatu mara nne. "Mimi macho yangu hayafai tena kwa ufa mdogo," alisema, akicheka kidogo. "Nategemea yako."

Sikucheka. Hilo neno nilitembea nalo wiki nzima.

Mwenzangu ndiye aliyesema twende tukafanye mazoezi. Ijumaa tuliyopata mapumziko pamoja tukapanda basi hadi sokoni, kwenye yale maduka ya vitu vya kale yaliyobanana nyuma ya wauza viungo. Kuna moja ambalo ukuta wake mzima umetundikwa magobore ya zamani ya Kiarabu, yana vipande vya fedha na nakshi, marefu kunishinda mimi. Mwenye duka, mzee wa Kibaluchi mwenye ndevu za hina, alitupa viti. Alidhani tunapamba sebule ya tajiri.

Nikamwomba ateremshe moja. Nikaligonga kwa ukucha, nikaweka sikio. Lilikohoa. Akateremsha la pili, nalo likakohoa, hata mwenzangu akatingisha kichwa kwa masikitiko kama daktari. La tatu lililia vizuri, tii, nikafurahi hadi nikasahau niko wapi. Nikaliweka wima, nikaukumbatia mdomo wake kwa midomo yangu yote miwili, nikapuliza.

Mzee wa Kibaluchi aliinuka. Katika maisha yake yote ya biashara, nadhani, hajawahi kuona mteja analibusu gobore. Pumzi haikutoka nyuma. Nikapuliza tena kwa nguvu zote, mashavu yakijaa, na kilichotoka ni buibui mmoja mwenye umri mkubwa, aliyepita kwenye kitundu, akatutazama, akaondoka.

"La ukutani," mzee alituambia kwa Kiarabu, akinyoosha kidole ukutani ili tusiendelee kukosea. "La ukutani tu. Mafi baruti, hakuna baruti. Khalas."

Tulimshukuru, tukanywa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi, tukazunguka soko lote hadi kwa wauza ndege. Watu walikuwa wananitazama sana. Wanaume walinipisha njia. Familia moja ilisimama kabisa. Nilijisemea moyoni kwamba gauni langu la bluu nililovaa siku hiyo kweli linanikaa. Ni kwenye basi la kurudi, tumeshakaa, ndipo nilipojiona kwenye kioo cha dirisha: pete nyeusi ya kutu na masizi imenizunguka mdomo, duara kamili, kama nimekunywa wino.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni style ya kwenu," alisema, na akacheka kutoka hapo hadi kituo chetu bila kupumzika. Nilimnunia siku mbili.

Siku ya uchaguzi wenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana, baada ya zamu yangu. Baba alikuwa ameitisha magobore matatu yenye karatasi halali, na wenye nayo wakayaleta uani kwetu. Mimi nilikuwa natazama kwa simu ya video, na mpiga picha alikuwa mama. Mama yangu ana vipaji vingi, lakini simu akiishika huwa anapiga picha kidevu chake. Kwa dakika kumi za kwanza nilimchagulia baba kidevu.

"Mama, geuza simu!"

"Nimegeuza."

"Naona kanga yako."

"Si umeona sasa ni mpya?"

Hatimaye tukafika kwenye magobore. La kwanza lilikuwa la bei rahisi kupita kiasi. Mwenyewe alikuwa amelipaka rangi ya fedha, ile ya mageti, na kitako amekifunga kwa mpira wa ndani wa pikipiki. Baba akaligonga. Likalia kama dumu la mafuta ya taa. Rahisi huvunja upishi, na hili lingevunja na mpishi. Nikasema liondoke.

La pili lilikuwa la mama mmoja mjane wa kijiji cha jirani. Marehemu mume wake alikuwa fundi seremala, na kitako alikichonga mwenyewe kwa mninga, kikang'aa kama kimepakwa samli. Bei yake ilikuwa ya juu kuliko mengine lakini ilikuwa bado ndani ya uwezo wangu. Baba akaligonga. Lililia! Hata kupitia simu, hata kupitia kelele za mbuzi, nililisikia likilia sauti moja safi. Akapuliza, mama akaweka kiganja nyuma, akasema anasikia upepo. Baba alikuwa amelishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Hakusema neno, kwa sababu kuchagua ni kwangu, lakini uso wake ulikuwa umeshachagua.

"Mama, sogeza simu kwenye mtutu," nikasema. Alisogeza. Nikaangalia kwa umakini wote nilionao, nikakumbuka maneno ya baba kuhusu macho yake. Na hapo, katikati ya mtutu, nikauona. Mstari mweusi, mwembamba, umepinda kidogo.

"Lina ufa!" nilipiga kelele. "Baba, liweke chini! Liweke chini sasa hivi! Mnataka kumuua baba yangu?"

Baba alilisogeza karibu na jicho lake la kulia, akaligeuza, akaligeuza tena. "Mimi siuoni," alisema polepole. "Lakini mimi siyo wa kuulizwa."

Mjane alisikia, maana mama alikuwa ameweka sauti ya juu. "Ufa upi? Marehemu amelitumia miaka kumi na minane!"

Hapa ndipo Mungu angenifunga mdomo kwa shuka. Hasira ikanitangulia, nikasema, "Basi ndiyo maana ni marehemu."

Marehemu alikufa kwa malaria. Nilijua. Kila mtu uani alijua. Mjane alichukua gobore lake kutoka mikononi mwa baba, akalifunika kwa kitenge chake kama anavyofunikwa mtu aliyetukanwa hadharani, akaondoka bila kuaga. Mimi nilijaa fahari. Nilijiona nimemwokoa baba. Nikachagua la tatu, la mwalimu mkuu mstaafu, fupi, baya, lenye sifa ya kumpiga teke anayelifyatua hadi bega moja la mwalimu lilikuwa chini kuliko lingine. Baba akasema, "Sawa, mama. Kesho tutaandikishana." Sauti yake ilikuwa ya adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniumiza.

Jioni hiyo, tukisubiri wali uive, nilimsimulia mwenzangu jinsi nilivyougundua ufa. Akataka kuuona. Simu yangu hakupenda kuishika, kwa hiyo nikamtumia kwenye simu yake picha ya mtutu niliyoihifadhi wakati wa ile simu ya video. Akaivuta kwa vidole viwili, akaivuta tena.

"Ufa iko wapi?"

"Hapo katikati."

"Hapa hakuna kitu."

Nilimnyang'anya simu. Mtutu ulikuwa safi, mweusi, mzima kama siku ulipotoka kiwandani. Akachukua simu yangu, akaziweka pamoja kitandani. Kwenye yangu, ufa ulikuwa hapo hapo, katikati ya mtutu. Akasogeza picha kidogo. Ufa haukusogea. Sasa ulikuwa kwenye mbuzi. Akasogeza tena, ukapita shingoni mwa mama. Akafungua picha nyingine, ile niliyotumiwa sikukuu.

"Ngai," alisema. "Hata babako ako na ufa."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekataa gobore zuri, nimemtukana mjane, nimemtukana marehemu, na nimemfanya baba yangu asiamini jicho pekee lililobaki linaona vizuri, kwa sababu ya kioo changu mwenyewe. Nilimpigia baba pale pale, nikamweleza bila kuficha. Nilitegemea hasira. Badala yake akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu, "Kwa hiyo nilikuwa naona sawa?"

"Ulikuwa unaona sawa, baba."

"Mama yake," nilimsikia akimwambia mama, "nilikuwa naona sawa!"

Furaha yake haikumtuliza mjane. Baba na mama walikwenda kwake kesho yake wakiwa na sukari na majani ya chai. Mjane akasema sukari ameipokea, lakini aliyetukanwa si yeye. Aliyetukanwa ni gobore, na nyuma yake aliyelichonga. Silaha iliyotukanwa haiuzwi mpaka aliyetukana aiombe radhi kwa mdomo wake, mara tatu, ndani ya mtutu. Ni desturi ya wawindaji wetu na baba alikubaliana nayo mia kwa mia, hilo nalo lilinikera.

Simu ya video ilikuja Jumatatu saa saba mchana, nikiwa kwenye stoo ya mashuka. Mama aliweka simu kwenye mdomo wa gobore, kwa hiyo kilichojaa kwenye kioo changu kilikuwa shimo jeusi, na ufa wangu ukipita juu yake.

"Anza," sauti ya mjane ilisema.

"Shikamoo gobore," nikasema. Sijui kwa nini. Lilikuwa na umri.

"Sauti!"

Nikapiga magoti kati ya rundo la taulo, kwa sababu kuomba radhi nimesimama niliona ni utovu wa adabu. "Shikamoo gobore. Mimi mtoto wa mzee uliyemwona juzi. Nilikusingizia ufa ambao ni wa kwangu. Nisamehe. Na wewe fundi uliyelichonga, pumzika, ulimi wangu ni mrefu na akili ilikuwa fupi." Mara ya kwanza nilisema kwa aibu. Mara ya pili nilianza kucheka, nikajibana, machozi yakatoka. Mara ya tatu, nikiwa nimeinamisha paji la uso hadi kwenye taulo, nalia na kucheka kwa pamoja, mlango ukafunguliwa akaingia msimamizi wangu.

Ni dada wa Kifilipino, mkali wa vumbi lakini ana moyo. Aliniona magotini, mashavu yamelowa, naliambia shimo jeusi kwa lugha asiyoijua maneno yanayosikika kama ya mazishi. Akaweka mkono kifuani. Akaniuliza kwa upole ni nani aliyefariki. Nilifikiri nimwambie ukweli, nikaona nitafukuzwa kazi kwa wazimu. Nikasema, "Ni mtu mzima wa huko kwetu." Akanipa pole, akanipunguzia vyumba vitatu siku hiyo, na jioni akaniachia ndizi mbili kwenye toroli. Nilizila zote. Dhamiri haikunisumbua hata kidogo.

Gobore likasamehe. Mjane aliuza kwa bei ile ile, na kuku mweusi juu, wa kumtuliza mumewe. Baba alimwomba mwalimu mkuu samahani, yeye na mjane wakaandikishana kituoni, namba ikagongwa, leseni ya msimu ikalipwa. Kwenye karatasi za serikali, kwa mara ya kwanza, lilisomeka jina la baba.

Safari ya kwanza alipiga kichuguu. Hadi leo anaapa kilisogea. Safari ya pili alitembea tangu alfajiri, akamwona pongo hatua thelathini, akalenga, akagundua fataki ameziacha mfuko wa suruali nyingine. Baba mkubwa aliposikia alicheka hadi wakampigapiga mgongo. Mimi sikucheka. Kila wiki nilimwuliza mama habari za jicho, na kila wiki alisema ukungu umesogea kidogo.

Halafu ikaja Ijumaa moja, nipo kwenye kibaraza cha ghorofani naanika sare, simu ikalia.

"Nimepiga," baba alisema. Alikuwa ameshafika nyumbani na bado anahema. "Dume. Risasi moja. Nimemkimbilia na kisu, bismillahi nimeisomea njiani, nimemwahi kabla hajakata roho."

Nilipiga kigelegele. Jirani wa chini, Mnepali, alitoka kuangalia juu. Mwenzangu akatoka kwenye pazia lake na mswaki mdomoni, naye akapiga kigelegele bila kujua ni cha nini. "Na paja?" nikauliza. "Umekula paja?"

Nikamsikia akichochea moto.

"Baba?"

"Paja nimelitundika juu ya moshi," alisema. "Linakauka vizuri. Ukija likizo utalikuta."

"Kwa nini nilikute?"

"Ni lako. Karatasi ni yangu, lakini fedha ni yako na chaguo ni lako. Mwenye bunduki ni wewe."

Likizo yangu ilikuwa baada ya miezi minane. Nikashika kamba ya nguo. "Baba, nilinunua ili ule wewe! Wewe!"

"Najua, mama. Lakini nimempelekea kaka yangu paja lake miaka yote hiyo bila kulamba hata kidole. Leo nije nikuibie wewe, mwanangu?"

Hakuwa anataka kubembelezwa. Aliamini kila neno. Na mimi nikaona wazi nilichokifanya: kwa fedha yangu yote, kwa magoti yangu kwenye taulo, nilikuwa nimemnunulia baba yangu gobore jingine la kuazima. Nililia kwa hasira. Nilimwambia ni mkaidi, akasema ndiyo. Nilimwambia nampa gobore zawadi, akasema zawadi inakabidhiwa mkono kwa mkono mbele ya wazee, na mkono wangu uko Doha.

Mwenzangu alitema dawa ya meno kwenye ndoo yangu ya kufulia. "Si wewe ndiye owner?" alisema. "Owner si hutoa order?"

Nikapangusa pua kwa mkono wa sare iliyolowa.

"Baba. Paja ni langu?"

"Ni lako."

"Naweza kulifanya nitakavyo?"

"Hata ukitaka kumtupia mbwa."

"Basi nataka liliwe leo. Na mlaji namchagua mimi, kwa sababu kuchagua ni kwangu. Nimekuchagua wewe. Mama ashuhudie."

Nilimsikia mama akicheka, yule mama wa kidevu, kicheko cha chinichini. "Kaka hakuwahi kufanya hivyo," baba alisema hatimaye.

"Baba mkubwa hakuwa mimi. Lishushe."

Walilichemsha kuanzia hapo hadi alasiri. Walipopiga tena, mama aliweka simu kando ya sahani, na niliona dari ya nyumba yetu na kipande cha sikio la baba. Tulikaa, mimi na mwenzangu, sikio kwa sikio. Tulimsikia akisema bismillahi. Tulisikia akitafuna. Alitafuna sana.

"Vipi, baba?"

"Ngoja."

Akaendelea kutafuna. Nilihesabu nguo zote kwenye kamba na bado hajameza.

"Mama," aliniita.

"Abee, baba."

"Gumu." Alimeza, nikasikia. "Gumu kama mkanda. Na kaka yangu yule, meno yake manne, amelila hili mbele ya watoto miaka yote, ananyonya na mfupa, hajasema." Sauti yake ilikwaruza, sikujua kama anacheka au analia, nadhani na yeye hakujua. "Maskini kaka yangu," alisema.

Mama aliniambia baadaye kwamba alilimaliza lote peke yake, na kwamba kila aliyejaribu kumsaidia alipigwa kofi mkononi.